Tuko kumi, bumu (hela ya mkopo wa chuo) limeisha, tunataka kujitolea hapa Moshi. Tuanzie wapi?

mwaka_wa_pili

Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa pili hapa Moshi, tunakaa kompaundi moja maeneo ya Majengo, tuko kumi, vyuo tofauti tofauti. Wanne wanasoma uhasibu, watatu ualimu, wawili maabara na mmoja sheria (huyo anaongea sana ila tunampenda).

Mwaka jana tulichanga buku mbili mbili, tukanunua sabuni, sukari na unga, tukaenda kituo kimoja cha watoto. Tukaimba, tukagawa pipi, tukapiga picha, saa tisa tukawa tumeshatoka. Wakati tunasubiri daladala kuna dogo kama wa miaka sita hivi alitufuata mpaka getini akaniuliza "mtarudi lini, au na nyie ndo kama wale wengine?" Nikamjibu karibuni tu. Hatujarudi mpaka leo, na picha zipo kwenye stetasi za watu.

Sasa safari hii hela hatuna kabisa, muda tunao Jumamosi na Jumatano mchana. Naombeni ushauri, kitu gani wanafunzi tunaweza kufanya kikawa na maana kweli na sio maigizo?

mpanda_miti

Msipande miti Julai. Sisi tulipanda Julai na mgeni rasmi akaja na ndoo yake ya maji ya picha. Agosti mbuzi wamemaliza kazi.

mwaka_wa_pili

Hahaha, sasa tupande lini mkuu?

mpanda_miti

Masika, Machi mpaka Mei, mvua ikimwagilia yenyewe. Af kabla ya kuchimba shimo muulizeni anayeishi pale kama anautaka huo mti na nani atauwekea miba. Asipojibu rudini geto mkalale.

hisa_tano

Dogo mna wahasibu wanne halafu unauliza muanzie wapi? Mna dhahabu hapo.

Mimi nilisoma uhasibu hapo hapo Moshi miaka ya nyuma kidogo. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa kwenye kikundi cha VICOBA, vile vya kununua hisa na kukopeshana, wako 30, sanduku la kufuli tatu, funguo kila moja kwa mtu wake. Ikafika Desemba wanataka kuvunja kikundi wagawane, daftari linasema kuna hela fulani, sanduku linasema pungufu ya 46,000. Unaweza ukaona ni hela ndogo, ila pale mtaani ilikuwa imeshakuwa kesi, mweka hazina anaitwa mwizi chini chini na alikuwa ameacha hata kuja sokoni Mbuyuni muda ambao wenzake wanakuja.

Mama akaniambia mwanangu si unasoma hesabu, njoo uangalie. Nikakaa barazani na daftari la mraba la katibu na vitabu 30 vya wanachama, nahesabu mihuri ya hisa mmoja mmoja, kuanzia saa nne mpaka karibu na magharibi. Mihuri iko sawa kabisa. Nikarudi kwenye daftari, ndo nikaona faini za kuchelewa. Mtu akichelewa anatoa 500, katibu alikuwa anaiandika kwenye faini halafu akijumlisha anaichanganya tena na hisa. Inahesabiwa mara mbili. Nikazihesabu, zilikuwa 92. Piga 92 mara 500 uone.

Nilipowasomea, yule mweka hazina hakusema kitu, akafunga kanga yake upya akaenda kuchemsha chai. Katibu ndo alilia.

Baada ya hapo nikawa naenda kila mkutano wao nusu saa tu, namwelekeza katibu aandike mwenyewe. Nasisitiza hapo, AANDIKE MWENYEWE, maana ukiandika wewe, siku umemaliza chuo umewaacha pabaya kuliko ulivyowakuta. Na usiguse hela wala ufunguo hata wakikuomba kwa upendo. Vikundi viko kila mtaa, na mwezi wa kumi na moja na kumi na mbili ndo wanahangaika zaidi.

nesi_wa_zamu

Nakazia hapo juu, na mimi naongeza la damu.

Wadogo zangu damu haiuzwi dukani wala haitengenezwi, na wanafunzi ndo mnabeba sehemu kubwa ya wachangiaji nchi hii. Shule na vyuo vikifungwa Juni na Desemba damu inapungua, wakati akina mama wanajifungua kama kawaida na ajali za barabarani hazijafunga chuo. Kwa hiyo mkitaka kusaidia kweli msisubiri ile siku ya wachangia damu duniani, tarehe 14 Juni, yenye matisheti, pangeni zamu. Uwe na miaka 18 mpaka 65, kilo 50 kwenda juu, mwanaume anarudia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Mko kumi, mkijigawa vizuri mnakuwa na watu wa kutoa mwaka mzima. Chupa moja ni kama mililita 450. Kituo cha kanda ya Kaskazini kiko hapo hapo Moshi, hata nauli haiwasumbui.

Kuleni kwanza. Kuna kijana alikuja na njaa tangu jana yake eti anaogopa kutapika, alipoinuka kitandani tukamdaka watu wawili.

mwaka_wa_pili

Dada mimi nina kilo 48 😭

nesi_wa_zamu

Basi wewe utakuwa unawasindikiza na kushika mabegi.

njiro_kwanza

Mimi niko Arusha. Nitawaharibia raha kidogo. Angalieni msigeuzwe vibarua wa bure. Nilijitolea shule moja huku, wiki ya kwanza nasaidia mwalimu, wiki ya tatu mwalimu simuoni nimeachiwa darasa zima na chaki mbili, na mtihani wangu wa chuo uko wiki inayofuata. Nikafeli somo moja, nikarudia. Na kuna vituo vya watoto vimekaa kibiashara, wageni wanalipa kuja kujitolea, watoto wanabadilishiwa marafiki kila wiki mbili, huyo dogo wa getini alikuuliza swali la maana kuliko wengi hapa jukwaani. Mkirudi kwa watoto pitieni kwanza kwa afisa ustawi wa jamii, semeni mtakuja siku gani na mpaka lini, na simu muache geto.

Ila walimu wenu watatu wana kazi, fomu wani. Mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili, sekondari anakutana na Kiingereza karibu kila somo. Nilikuwa na binti mmoja anakuelezea usanisinuru mpaka klorofili na jua na maji, anakuchorea na jani, ukimuuliza hicho hicho kwa Kiingereza anatoa macho kama umemtukana. Sio mjinga, hana maneno tu. Tulikuwa tunakaa watoto sita, neno moja la Kiswahili na mwenzake wa Kiingereza, kila Jumatano kwa muda wa saa moja na nusu. Sita tu. Ukichukua arobaini unakuwa shule nyingine.

babu_wa_uru

Wajukuu zangu hamjambo. Nyie mnaita kujitolea, sisi huku mlimani tuliita msaragambo. Baragumu likilia asubuhi kila nyumba inatoa mtu na jembe, tunakwenda kuzibua mfongo, yaani mfereji wetu, maji yafike kwenye migomba. Asiyetoka anatozwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, tunakaa kikundi kusikiliza redio, ikiisha tunachimba choo. Hakuna aliyekuja kutusaidia, tulikuwa wenyewe.

Ninyi mnakaa Majengo mwaka wa pili huu. Mwenyekiti wa mtaa mnamjua?

mwaka_wa_pili

Shikamoo babu. Kiukweli hatumjui.

babu_wa_uru

Marahaba. Basi ndiyo hapo.

mwaka_wa_pili

Mrejesho wakuu. Tumeenda leo wanne kwa mwenyekiti, katuangalia sana akadhani tumefukuzwa kodi. Tulivyomueleza akacheka, akasema kuna kikundi cha akina mama wanakutana Jumamosi saa nane nyuma ya msikiti na hesabu zao zimekwama tangu mwezi wa nane. Wahasibu wanaenda wawili wawili kwa zamu. Wa maabara wawili na yule wa sheria wamekubali damu wiki ijayo, wanakula kwanza. Fomu wani tunaanza na watoto sita wa kompaundi yetu wenyewe, kumbe walikuwepo siku zote wanatuchotea maji bombani.

Kwa yule dogo nitaenda mwenyewe kwanza, nikishaonana na ustawi wa jamii. Sijui kama atanikumbuka.

Jumamosi nibebe nini?

hisa_tano

Kikokotoo, kalamu nyekundu, na kalamu nyingine ya ziada maana yako wataiazima.