Jina la kijana wetu limetolewa kwenye kikosi na ligi haijaanza. Kuna nini?

MamaMdogo_Umoja

Wadau, hamjambo. Najua wengi humu ni wa kandanda, lakini nimeona wawili watatu wanaofuata besiboli ya Marekani, kwa hivyo naomba kuuliza hapa kabla sijamsumbua dadangu tena.

Mtoto wa dadangu alizaliwa Pumwani, akahamia Lowell, Massachusetts, na mamake angali mdogo. Sasa yuko chuo mwaka wa pili, ni mrushaji wa mkono wa kulia, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira. Tangu Novemba tumeambiwa kwamba kiangazi hiki atachezea timu moja ya ligi ya wanachuo ya New England, ile ya magongo ya mbao. Timu yenyewe siitaji, asije akasema namuaibisha. Ukurasa wa kikosi chao nimeuhifadhi kwenye simu, na jioni nikishafunga kibanda naufungua: jina, urefu, uzito, chuo, mji anakotoka. Na hapo kwa mji hawakuandika Lowell, waliandika Nairobi, Kenya! Aliomba mwenyewe iandikwe hivyo. Nikapiga picha ya skrini, nikaituma kwa kundi la chama, na mwenyekiti wetu, ambaye hajui besiboli inaliwa na nini, akaipeleka kwa kundi la kanisa.

Basi Jumapili jina lipo, Jumatano halipo. Hawajasema ameumia, hawajasema lolote. Mahali pake wamemweka mvulana wa chuo cha miaka miwili ambaye hata picha hana, ni kile kivuli cha kijivu tu. Na nikilinganisha na picha yangu ya zamani, majina kama tisa yamebadilika. Timu gani hii inayojenga kikosi Novemba na kukibomoa mwisho wa Mei, hata mpira mmoja haujarushwa?

Kijana nikimuuliza ananijibu "niko sawa anti, usijali", na kale kauso ka kucheka. Mamake anasema nimuache apumue. Mimi nataka kujua: amefukuzwa, ameumia wananificha, ama huko mambo ndivyo yanavyokwenda?

Ingwe_Damu

Karibu kwetu mama. Sisi Jumatatu tunasoma gazetini mchezaji ni wetu, Jumanne anapiga picha na jezi ya K'Ogalo, wapinzani wetu Gor Mahia. Pole lakini. Huyo kijana anarusha kwa kasi gani?

MamaMdogo_Umoja

Maili 91 akiwa amepumzika vizuri. Nimepiga hesabu, ni kama kilomita 146 kwa saa. Usisimame mbele yake.

Mkata_Tiketi

Mama, shusha pumzi. Nilisoma Massachusetts, na kiangazi nilikuwa nakata tiketi kwenye uwanja wa timu ya ligi kama hiyo. Mechi ikiisha tulifagia maganda ya mbegu za alizeti kwenye banda la wachezaji, mlima mzima. Hayo ya majina kutoka na kuingia nimeyaona kwa macho.

Orodha ya Novemba ichukue kama ahadi. Meneja anampigia kocha wa chuo, kocha anasema nitakupa warushaji wawili na mdakaji mmoja, majina yanapandishwa. Wakati huo msimu wa chuo wenyewe bado, unaanza Februari. Hadi Juni ifike, nusu ya yale waliyoagana yameshageuka.

Kwanza kuna wanaochelewa. Mashindano ya NCAA, yale ya vyuo vya Marekani, yanachukua timu 64 kuanzia mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, na 8 za mwisho zinakwenda mji wa Omaha kucheza karibu hadi mwezi uishe. Chuo kikiendelea kushinda, mchezaji wake hawezi kuripoti kiangazi. Hapo ndipo meneja anachukua vijana wa muda wa kuziba pengo, na huyo kivuli wako wa kijivu nadhani ni mmoja wao. Usimdharau. Nimeona kijana wa muda akiambiwa atacheza wiki mbili, akapiga mipira hivi kwamba mwenye nafasi alipofika alikuta benchi ndilo linamsubiri.

Pili, drafti ya MLB, pale timu za ligi kuu ya kulipwa zinapochagua vijana. Zamani ilikuwa Juni, tangu 2021 iko Julai, na raundi zimekuwa 20 badala ya zile 40. Wengine hawaji kabisa wakingoja simu, wengine wanakuja halafu wanaondoka katikati. Kijana wako ni mwaka wa pili, kama hajatimiza miaka 21 hilo halimhusu bado.

Tatu, na hili ndilo limechafua mambo siku hizi, ni kuhama vyuo. Dirisha linafunguliwa Juni, na kuanzia msimu wa 2025-26 vyuo vilivyokubali kuwalipa wachezaji vimewekewa kikomo cha wachezaji 34. Wanaokosa nafasi wanatafuta chuo kipya. Sasa fikiria: timu ya kiangazi ilimpata mchezaji kupitia kocha wake. Akishaachana na yule kocha, yale makubaliano ya simu yanasimamia nini?

Pale kwetu majina ya wachezaji yaliandikwa kwa kalamu kwenye tepu nyeupe, tepu ikabandikwa juu ya kabati la nguo. Siku moja nilitumwa kuzibandua baada ya msimu. Kabati moja lilikuwa na tepu nne, moja juu ya nyingine, na ya chini kabisa ni ya kijana ambaye hakuwahi kukanyaga uwanja ule.

Kocha_wa_Vumbi

Mkata Tiketi amesema vyema lakini amesahau kwamba kijana ni mrushaji, na kwa warushaji kila kitu ni mkono. Mimi nafundisha watoto besiboli huku Eastlands, kwenye uwanja tunaogombania na timu za mpira. Little League, shirika la besiboli ya watoto, inasema mtoto wa miaka 11 au 12 asirushe zaidi ya mipira 85 kwa siku, na akipita 65 apumzike siku nne. Nimeshikilia daftari nahesabu, na wazazi wananifokea: "Kocha, mbona unamtoa na anashinda?" Namtoa kwa sababu anashinda. Angekuwa anashindwa ningekuwa nimemtoa mapema.

Ukano wa kiwiko ukikatika, ni upasuaji. Unaitwa Tommy John, kwa jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa, 1974, na daktari Frank Jobe. Kurudi kurusha ni zaidi ya mwaka. Kwa hivyo kocha wa chuo akiona kijana ametumika sana, anaipigia timu ya kiangazi na kusema huyu haji. Timu ya kiangazi haina la kujibu, mkono ule wameuazima tu. Na kwenye ukurasa hawaandiki sababu, wanafuta jina basi.

Mama, una rekodi yake? Amerusha iningi ngapi, zile zamu za mchezo, tangu Februari?

MamaMdogo_Umoja

Rekodi ninayo, mimi ni mtu wa chama. Zaidi ya iningi 80. Na mwezi wa Mei kuna mechi walimwacha hadi mipira 118. Nilikuwa naangalia kwa simu, nikawa naongea na kocha kama mwendawazimu, mtoe, mtoe, na kocha hanisikii, yuko huko.

Kocha_wa_Vumbi

118 kwa umri huo! Basi jibu unalo. Mpigie dadako, muulize hilo moja tu: ni chuo kilimzuia, au ni timu ilimwacha?

MamaMdogo_Umoja

Nimempigia. Ni chuo. Kocha alisema hakuna jeraha, lakini asiguse mpira wa mechi hadi shule ifunguliwe, anyanyue vyuma na ale vizuri. Walijua tangu Ijumaa! Ati hawakutaka kuniharibia wikendi. Sawa. Hilo tutalizungumza akija Desemba.

Sasa limebaki jambo moja, msinicheke. Huko wachezaji wanakaa kwa familia za watu, si hoteli. Familia iliyokuwa imchukue kijana nilishaitumia kiondo na majani chai kwa mtu wa kanisa aliyekuwa anasafiri. Mama wa nyumba alikipokea, akatuma picha amekibeba sokoni, kimejaa mahindi. Na chumba kile sasa atalala mvulana wa kivuli. Nikidai kirudi ni aibu, nikinyamaza roho inaniuma.

Mkata_Tiketi

Usidai, tafadhali. Familia zile hazilipwi kodi ya chumba, na vijana wenyewe hawalipwi mshahara, kwa hivyo bila akina mama kama huyo ligi yote inakufa. Wanapika usiku wa manane timu ikirudi kutoka mechi ya mbali. Halafu mameneja wana kumbukumbu. Kijana aliyezuiwa na chuo, si aliyeghairi mwenyewe, ndiye wa kwanza kupigiwa kwa msimu ujao. Anaweza kulala chumba kile kile mwakani.

Kocha_wa_Vumbi

Mwakani nako akirusha 118 tena, mimi singempeleka. Kiangazi ni cha kuonekana na wasaka vipaji, ndiyo, lakini wataona nini kwenye mkono uliofungwa bandeji?

Mama, nina ombi. Ile picha ya skrini yenye "Nairobi, Kenya", ficha jina lake unitumie. Watoto wangu nimewaonyesha video za Dennis Kasumba wa Uganda, mdakaji aliyechezea timu ya Frederick Keys 2023 kwenye MLB Draft League, ligi ya vijana wanaotafuta kuchaguliwa kwenye drafti, na kuna mmoja akaniuliza, "Na wa hapa?" Sikuwa na wa kumtajia.

MamaMdogo_Umoja

Nakutumia saa hii. Kiondo nimekiacha. Ila timu yao nitaendelea kuiangalia, mechi nyingi zinaanza saa saba na nusu usiku kwa saa zetu na bando nilishanunua ya mwezi. Nataka nione huyo kivuli anarusha nini.

Ingwe_Damu

Samahani kuingilia. Hicho kiondo ni bei gani na kinapatikana wapi? Shemeji yangu anasafiri Boston Agosti.

MamaMdogo_Umoja

Anasuka mamangu mwenyewe, bei inategemea ukubwa. Njoo kibandani, karibu na steji ya Umoja 1, baada ya saa kumi watu wa chapati wakipungua. M-Pesa napokea, deni sitoi.