Tupeane uzoefu: ada iliwahi kukutoa chuoni? Na je, chuo cha umma kiwe bure kwa wote?

Risiti ya Zamani: Leo nimefungua kitabu changu cha takwimu, ikadondoka risiti ya ada ya mwaka wa pili. Maandishi yamefifia, muhuri bado upo. Nikaikumbuka foleni ya uhasibu wiki ya mitihani. Kijana wangu akaniuliza kwa nini chuo cha umma kisiwe bure kwa wote, nikakosa la kumjibu. Mliopita huko, tiririkeni.

Kalamu Butu: Foleni ile! Kuitaja tu tumbo linavurugika.

Msoma Usiku: Hili sijawahi kuliandika popote. Mwaka wa mwisho nilikuwa nadaiwa nusu ya ada. Mlangoni pa chumba cha mtihani msimamizi akapitisha kidole kwenye orodha, akasema, "Wewe humo, kaa pembeni." Nikakaa kwenye ngazi saa tatu nzima. Wenzangu walipotoka wakibishania swali la nne, nami nikachangia kana kwamba nimelifanya. Uongo ulianzia hapo. Nikapata kibarua cha kubeba matofali, na kila Jumapili nawapigia nyumbani kuwaambia masomo yanaenda. Siku ya mahafali baba akatokea bila taarifa, kavaa suti ya kuazima. Akaomba kijitabu cha majina ya wahitimu, akakisoma chote, akarudia tena toka mwanzo. Kisha akaniuliza taratibu, "Wamekosea?"

Mlipa Kodi: Pole ndugu. Ila bure kwa WOTE napinga. Mimi wangu naweza kumlipia. Kwa nini asomeshwe kwa kodi ya mfagizi ambaye mwanawe hakufika hata sekondari? Uingereza walianza kutoza ada 1998, pauni 1,000 kwa mwaka. Kufika 2012 kiwango cha juu England kikawa 9,000, na watu bado wanasoma.

Bi Hesabu: Umesimulia nusu. Mskoti, wa Uingereza hiyohiyo, anayesomea digrii ya kwanza kwao halipi ada. Na Ujerumani je?

Mlipa Kodi: Ujerumani majimbo kadhaa yaliwahi kutoza, takriban euro 500 kwa muhula.

Bi Hesabu: Na yote yakafuta, la mwisho Niedersachsen mwaka 2014. Ukisoma, soma mpaka chini.

Kalamu Butu: Nyie na majimbo yenu. Baba wa Msoma Usiku ikawaje?

Mlipa Kodi: Basi tufanye kama Chile. Wanafunzi waliandamana sana 2011, na 2016 ikaanza bure kwa familia za kipato cha chini. Mwenye nacho alipe.

Fomu Namba Tatu: Kaka, hujawahi kuthibitisha umaskini wewe. Mimi nilijaza fomu mara tatu. Wakataka saini ya baba au cheti chake cha kifo. Baba yuko hai, alituacha tu, hatujui aliko. Kwenye fomu hakuna kisanduku cha aliyetuacha. Afisa akanishauri nikamtafute! Ndiyo maana nasema iwe kwa wote, hata kwa huyo mwanao. Akisoma bure yeye, mimi sitaulizwa baba yuko wapi.

Mlipa Kodi: Hapo umenibana kidogo. Kidogo tu.

Chumba cha Wanne: Mimi ada nilifutiwa yote, na bado nikaacha. Kodi ya chumba, nauli, kula. Ada bure, tumbo je?

Kalamu Butu: ✔ Hili liandikwe kwa wino mwekundu.

Mama Mlezi: Wanaodaiwa sasa hivi: msingoje siku ya mtihani. Andikeni barua ya kuahirisha mwaka mapema, mbaki na nakala yenye muhuri.

Chumba cha Wanne: Usiahirishe! Niliahirisha mmoja ikawa minne. Ng'ang'ana hapohapo.

Mzee wa Kona: Oeni wahasibu.

Bi Hesabu: Mzee, tafadhali.

Msoma Usiku: Samahani, nilikuwa kazini. Mlioniuliza: nilimjibu ndiyo, wamekosea. Akakunja kijitabu, akakitia mfukoni, tukaenda kupiga picha. Joho nilimwazima rafiki.

Kalamu Butu: Eh! Sasa alikuja kujua lini?

Msoma Usiku: Picha ipo sebuleni kwake. Kila mwaka ananiuliza kama wamesharekebisha jina.

Risiti ya Zamani: Lipa basi hilo deni la chuo ukamalizie, hata sasa!

Mlipa Kodi: Msoma Usiku, njoo inbox.