Naomba ushauri: soko linaloelea la Cái Răng, safari ya siku moja inatosha au tulale Cần Thơ?

BintiMtwara
Salaam, wanajukwaa. Mwishoni mwa Januari mimi na mume wangu tutakuwa Ho Chi Minh, Vietnam, kwa shughuli za korosho, na tungependa kuliona soko la Cái Răng, lile la mashuani mtoni huko Cần Thơ, kabla ya kurejea nyumbani. Wakala mmoja ametupendekezea safari ya siku moja, tuchukuliwe hotelini saa mbili asubuhi na kurudishwa jioni. Je, tutaliona soko kweli? Pia, sisi ni Waislamu. Tutakula nini huko?

KakaWaPemba
Dada, kutoka Ho Chi Minh hadi Cần Thơ ni kilomita 170 hivi, na basi huchukua takriban saa nne. Mkiondoka saa mbili mtafika adhuhuri, wakati soko huchangamka tangu alfajiri na kupwaya kuanzia saa tatu asubuhi. Isomeni ratiba ya wakala kwa makini, kwa sababu safari nyingi za namna hiyo huishia Mỹ Tho na Bến Tre, ambako kuna mito na bustani lakini si soko hilo. Laleni Cần Thơ, jirani na gati la Ninh Kiều, na mwondoke kwa mashua kabla ya jua kuchomoza. Kutoka hapo hadi sokoni ni kama kilomita sita.

Vyombo vikubwa vya wauzaji wa jumla huning'iniza bidhaa zao kwenye mti mrefu wa mwanzi ulio omoni, kwa hiyo mnunuzi huliona nanasi au boga akiwa bado mbali. Ukiona jani la mnazi limetundikwa juu ya mwanzi, ujue kinachouzwa ni chombo chenyewe. Nguo zilizoanikwa, hizo si za kuuza, maana wengine huishi humo humo na familia zao.

Mzee_Safari
Ninakubaliana na ndugu yangu kuhusu kulala, ila asiwapambie mno. Soko limepungua sana. Barabara na madaraja, likiwemo daraja la Cần Thơ lililofunguliwa mwaka 2010, yamefanya malori yabebe mizigo iliyokuwa ikipita mtoni, na ujenzi wa kuta za kingo umewaondolea wafanyabiashara mahali pa kupakia na kupakua. Mwaka 2016 soko liliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika, lakini heshima hiyo haimlipii mtu mafuta ya injini. Nendeni, ila msitarajie mto uliofunikwa na vyombo kama kwenye picha za zamani.

Jambo jingine: angalieni tarehe ya Tết, yaani mwaka mpya wao, ambao huangukia mwishoni mwa Januari au Februari. Siku za kabla yake biashara huwa moto, lakini sikukuu yenyewe ikifika wengi huwa wamekwenda kwao.

MamaZuhura
Mwanangu, kuhusu chakula: tambi za mchele zinazouzwa mashuani, hủ tiếu, kwa kawaida supu yake ni ya mifupa ya nguruwe, hata kama nyama juu yake ni nyingine. Mkiwa mjini tafuteni migahawa iliyoandikwa "chay", ambayo haipiki nyama kabisa. Mtoni mle matunda na kunywa kahawa ya barafu. Mkipata siku ya ziada, panda hadi mji wa Châu Đốc, kwani ng'ambo ya mto kuna vijiji vya Wacham ambao ni Waislamu, na misikiti yao ipo.

BintiMtwara
Nawashukuru nyote, shikamoo Mama na Mzee. Basi tutalala Cần Thơ. Tukodi boti kubwa ya watalii au mashua ndogo?

KakaWaPemba
Ndogo, dada. Ile kubwa haiwezi kujipenyeza katikati ya vyombo, nanyi mtaishia kutazama kwa mbali. Patana bei na nahodha jioni ya kuamkia safari, mwambie mnataka kukaa mtoni kwa muda wa saa ngapi, na udai majaketi ya kuokolea kabla hamjaketi.