Tupeane uzoefu: Propozo imepita, data bado. Tasnifu ya uzamili inakwamia wapi?

Mwenye uzi
Wakuu, uzi huu ni wa wanaosoma uzamili na wanaowasimamia. Sura ya mapitio ya maandiko haimweki mtu nusu mwaka. Kinachomweka ni barua, dodoso na faili la data. Tuwekeane hatua, hesabu, na pale panapoharibika. Malalamiko ya sapavaiza asiyepokea simu yana uzi wake.

Mzee wa Masjala
Naanza na vibali, Tanzania Bara. Marekebisho ya propozo yakishasainiwa, chuo ndicho kinachokuandikia barua ya kibali cha utafiti. Barua inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na kutoka hapo inategemea unamtafuta nani: kwa shule ni Afisa Elimu kisha mkuu wa shule, kwa kaya ni mtendaji wa kata kisha wa kijiji au mtaa. Kila ofisi inaandika barua yake na inataka nakala ya ile ya juu yake, kwa hiyo tembea na nakala za kutosha.

Usiondoke chuoni kabla ya kuisoma barua neno kwa neno. Angalia jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, kichwa cha utafiti kile kile kilichopitishwa, tarehe za kuanza na kumaliza, na majina ya halmashauri zote. Hili la mwisho ndilo linalorudisha wengi. Barua ikisema "Morogoro" tu, Manispaa na Halmashauri ya Wilaya ni wakurugenzi wawili tofauti. Na tarehe omba kwa mapana. Ikiisha ukiwa kata ya tatu, mzunguko unaanza upya.

Kalenda nayo. Shuleni epuka Mei (kidato cha sita), Septemba (darasa la saba) na Novemba (kidato cha nne). Vijijini, masika ya Machi hadi Mei hukata barabara.

Ukigusa afya za watu, barua hizo hazitoshi: unahitaji kibali cha maadili, cha kamati ya chuo chako au ya taifa iliyo chini ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Kiombe kabla ya kuchukua data. Hakuna kamati makini inayobariki data iliyokwisha kukusanywa.

Dada wa Kisumu
Huku Kenya ni leseni ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu), kwa sheria ya mwaka 2013. Unaomba mtandaoni, lakini idhini ya kamati ya maadili lazima iwe mkononi kwanza, na hapo ndipo muda unapopotea. Panga foleni hiyo siku propozo inapopita. Kaunti zote unazokwenda ziorodheshwe kwenye maombi. Ukifika, jitambulishe kwa kamishna wa kaunti, na kama ni shule, kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Washiriki wakiwa chini ya miaka 18, mzazi anasaini ridhaa na mtoto mwenyewe anaulizwa pia. Fomu moja haifanyi kazi zote mbili.

Mtakwimu
Sampuli. Wengi mnatumia fomula ya Yamane: idadi ya watu gawanya kwa (1 + idadi hiyo mara kosa la kukadiria kipeo cha pili). Walimu 1,200 kwa kosa la 0.05: 1,200 × 0.0025 = 3, jumlisha 1, gawanya, unapata 300. Sawa. Ila hao 300 ni madodoso yanayorudi, si unayogawa. Ukitarajia asilimia 10 wasirudishe, gawanya 300 kwa 0.9, unagawa 334. Na kama unachagua shule kwanza halafu walimu ndani yake, walimu wa shule moja hufanana majibu, kwa hiyo Yamane peke yake inakupunja. Mtahini wa nje atauliza hilo.

Kwenye faili, jambo linaloharibu kazi kimyakimya ni namba 99 ya "hakujibu". Chukua watu 300. 285 wana wastani wa miaka 34, na 15 hawakutaja umri wakaandikiwa 99. Usipoiambia SPSS, programu ya takwimu, kwamba 99 ni jibu lililokosekana, wastani unapanda hadi 37.25, na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Hata chati itapendeza.

La pili ni alfa ya Cronbach, kipimo cha kama maswali ya dodoso yanapima kitu kimoja, kutoka ndogo mno, au hasi. Kabla ya kufuta maswali, tazama yaliyoandikwa kinyume, mfano "Sifurahii kazi yangu" katikati ya maswali ya kuridhika. Geuza alama (5 iwe 1, 4 iwe 2), kisha piga upya.

Bin Juma
Mtakwimu, si kila tasnifu ni ya namba. Kwenye mahojiano, Yamane haina kazi. Kuna utafiti wa mwaka 2006 wa mahojiano 60 ya Ghana na Nigeria ulioona mada karibu zote zimeshajitokeza kufikia mahojiano ya 12. Lakini wahojiwa wale walikuwa wa kundi linalofanana na swali lilikuwa finyu. Ukichanganya wakulima, maafisa ugani na wafanyabiashara, 12 ni kidogo. Bajeti ya muda: saa moja ya sauti inakula saa nne hadi sita kuiandika, zaidi kama umerekodi karibu na barabara. Rekodi kwa vifaa viwili.

Mtakwimu
Nakubali kwa hilo la makundi. Ila andika kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu, ulisimama kwenye mahojiano ya ngapi na kwa nini. "Data zilijirudia" bila ushahidi ni sentensi tupu.

Mkutubi
Mawili ya haraka. Ukipima rasimu kwenye Turnitin, programu ya kupima maandishi yaliyofanana na ya wengine, hakikisha haihifadhiwi kwenye hazina yao. Ikihifadhiwa, nakala ya mwisho inaweza kufanana na wewe mwenyewe kwa asilimia 90. Na kwenye Zotero, programu ya kupanga marejeo, mwandishi akiwa taasisi, badili sehemu mbili za jina ziwe moja. Usipofanya hivyo, Ofisi ya Taifa ya Takwimu inageuka bwana Takwimu, O., na watahini wanampenda sana huyo bwana.