Tupeane uzoefu: gari ya zamani imeanza kubugia wese ghafla, wewe ulikuta tatizo ni nini?

Wakuu, salaam. Nina IST ya 2003, cc 1300, nakaa Kimara, kazini Posta. Miaka yote inanipa kilomita 12 hadi 13 kwa lita, foleni ikiwemo. Sasa hivi inanipa 9, na haikushuka pole pole. Tenki moja iko sawa, tenki lililofuata imeanguka. Taa ya injini haijawaka, nguvu ipo, moshi hakuna.

Kabla hamjaniuliza: hizo namba ni za lita, si za shilingi. Nasema hivyo kwa sababu mjini hapa wengi tunapima kwa hela. Utasikia mtu, "Zamani elfu thelathini inanitoa Jumatatu hadi Ijumaa, sasa Jumatano taa imewaka, gari imeharibika." EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo elfu thelathini ya mwezi huu na ya mwezi uliopita si lita zile zile, na gari haina kosa. Mimi nilijaza mpaka pampu ikajikata yenyewe, nikarudisha tripu kwenye sifuri, nikatembea hadi mshale ukakaribia robo, nikarudi sheli ile ile, pampu ile ile, nikajaza mpaka ikajikata tena. Kilomita ugawanye kwa lita zilizoingia. Nimerudia, jibu ni lile lile.

Fundi kabadilisha plagi na eya klina. Kilichopungua ni hela yangu tu. Sasa anataka kuosha nozeli zinazopulizia mafuta, na mwenzake anataka kutoa masega, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi, "ili gari ipumue". Nimewaambia wasubiri kwanza. Waliopitia haya naomba mseme: gari gani, dalili gani, mwisho mlikuta nini. Wale wa "uza ununue hybrid", nawapenda, ila leo pumzikeni.

Mwenye Raum, Segerea

Mkuu, kabla ya nozeli muulize fundi wako swali moja: themostati ipo?

Usicheke. Raum yangu ilichemsha pale Buguruni, ikavutwa hadi gereji ya jirani, wakabadilisha rejeta, nikalipa nikaondoka. Tangu hapo ikaanza kunywa. Nimehangaika na plagi, na sheli nyingine, mpaka na maombi. Kumbe siku ile ile walitoa themostati wakaitupa. Nilipowafuata wakaniambia, "Bosi, Dar joto, hiyo ni ya nchi za baridi."

Hapo ndipo watu wengi wanapoliwa hela. Injini haipangi mafuta kwa joto la Dar, inapanga kwa joto la maji yake yenyewe. Themostati ni mlango: maji yakiwa ya baridi unafungwa ili injini ipate moto haraka, yakifika nyuzi 80 na kitu unafunguka yaende kwenye rejeta. Ukiutoa, maji yanapita kwenye rejeta muda wote, na ukishika barabara iliyo wazi upepo unaipoza injini kupita kiasi. Kompyuta ya gari inaona injini bado ya baridi, inaendelea kumwaga mafuta kama ndiyo umewasha asubuhi. Waliowahi kuendesha gari za kabureta wanajua choki. Ni kama kutembea kutwa nzima na choki imevutwa kidogo.

Nilichomeka kile kidude cha Bluetooth cha kusoma kompyuta, vipo Kariakoo vya bei ndogo, nikatoka usiku na barabara ya Mandela. Kwenye mwendo joto la maji linacheza kwenye 65. Nikikwama mataa linapanda mpaka 85. Nikiondoka linashuka tena. Gari isiyo na tatizo haiwi hivyo, ikishapata moto inatulia sehemu moja. Nilifunga themostati mpya, na wese likarudi kama zamani. Na usidanganyike na dashibodi, gari nyingi ndogo hazina mshale wa joto, zina taa tu, na ile ya bluu ya injini baridi ikishazimika wewe unaona mambo safi.

Mwenye Carina TI, Mbagala

Na mimi nipo bila themostati mwaka wa tano, gari inakula vizuri tu.

Mwenye Raum, Segerea

Kaka, Kilwa Road ya asubuhi wewe unatembea au umesimama? Kwenye foleni injini inapata moto hata bila themostati. Siku ukienda Morogoro urudi, pima, kisha uje hapa.

Mwenye Spacio, Tegeta

Ya kwangu ilikuwa fupi na ya kuudhi. Nilipeleka gari kuoshwa, kijana alipokuwa anafuta ndani akabonyeza kile kitufe cha pembeni ya gia. Dashibodi ikawaka O/D OFF, rangi ya njano, ndogo, nani anaiangalia? Gari ikawa haiingii gia ya nne. Barabara ya Bagamoyo usiku, spidi 80, injini inalia kama inapanda mlima. Shemeji yangu ndiye aliyeiona, alipanda mara moja tu akauliza, "Hii taa mbona inawaka?" Akabonyeza, ikazimika, kelele ikaisha.

Dada mwenye Premio, Sinza

Kwangu taa ya injini iliwaka na ekzosi ikawa na masizi meusi, ukisimama nyuma ya gari unasikia harufu ya petroli. Nikapima kwa kompyuta, ikatoa namba ya kosa, P0135. Fundi akasema sensa ya oksijeni imekufa, akanielekeza nikanunue used ya Japani Gerezani. Nikanunua. Akafunga, akafuta ile namba ya kosa, tukaachana. Kesho yake taa hiyo hiyo.

Fundi wa pili alikuwa mzee mmoja mpole sana, hakushika spana hata moja. Aliinama na tochi, akafuata waya wa ile sensa mpaka mwisho, akaniita, "Mama, njoo uone wageni wako." Panya! Gari nailaza karibu na banda la kuku, wamepanda humo wametafuna waya. P0135 haisemi sensa imekufa, inasema njia ya umeme wa kuipasha moto sensa ina tatizo. Inaweza kuwa sensa, waya au fyuzi. Sensa isipopashwa inachelewa kufanya kazi, na muda wote huo kompyuta inakisia mafuta, na ikikisia inazidisha. Waya uliungwa kwa hela ya soda. Ile sensa ya used bado ninayo, anayehitaji aseme.

Mwenye Vitz, Goba

Mimi sikuwa na ugonjwa wowote, nilikuwa na hesabu mbovu. Barabara za huku mnazijua, nikaamua kuinyanyua gari. Nikatoa tairi za 175/65R14 nikaweka 185/70R14. Tripu ikaanza kuonyesha nimetembea kidogo kwa wese lile lile. Jirani anayefundisha hesabu akapiga kwenye karatasi: tairi mpya ni kubwa kwa asilimia 5 na kitu, inazunguka mara chache kwa umbali ule ule, kwa hiyo gari ikitembea kilomita 100 saa ya kilomita inaandika kama 95. Sehemu ya "kula mafuta" ilikuwa uongo wa saa. Iliyobaki ilikuwa kweli, tairi kubwa ni nzito, na upepo walinijazia kwa macho. Vipimo vya upepo vimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, msikubali "naweka presha 40 zote, inatosha".

Mwenye Passo, Gongo la Mboto

Mbona hakuna anayesema sheli? Kuna sheli moja nilikuwa naiamini, Passo yangu kitabu kinasema tenki lita 40, siku hiyo pampu ikaandika 44 na mshale ulikuwa bado haujalala. Zimeingia wapi, kwenye buti? Sikugombana. Nilichukua risiti ya EFD, ina lita na saa, nikahama sheli. Wanaokagua pampu ni Wakala wa Vipimo, mwenye muda apeleke huko na risiti yake. Ila kwa mkuu mwenye uzi hii haimhusu kama alishabadilisha sheli na bado ni 9.

Fundi, Temeke

Nimesoma yote. Niongeze machache, na msinichukie.

Masega usitoe. Masega yakiziba gari inakosa pumzi, unakanyaga mafuta haipandi. Wewe umesema nguvu ipo, basi mwache huyo kijana akatafute masega kwingine, maana yanauzika.

Nozeli usioshe kwa kubahatisha. Kwenye hicho kidude cha Bluetooth kuna sehemu inaonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta kwa asilimia ngapi. Ikicheza karibu na sifuri, kidogo juu kidogo chini, injini yako haina neno na tatizo liko nje ya injini. Ikiwa imeongeza zaidi ya 10 muda wote, kuna hewa inaingia kwa wizi, au sensa ya hewa imechafuka, au presha ya mafuta ni ndogo. Ikiwa imepunguza sana, ndipo uwaze nozeli inayovuja. Kusoma hapo ni dakika chache, kuosha nozeli ni nusu siku na hela yako.

Tatizo nje ya injini ni breki. Gari nyingi ndogo za umri huu zina breki za ngoma nyuma, waya wa hendibreki unashika kutu, unaachia hendibreki lakini breki haziachii zote. Hasa gari zinazolala pembeni ya bahari na zinazopita kwenye maji ya mvua. Tembea kama kilomita 10 bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza mkono karibu na rimu bila kuigusa. Ya kushoto na ya kulia zipishane joto kidogo tu. Moja ikiwa inatoa moto, umeshapata mgonjwa.

La mwisho, barabara. Wateja wangu wa Gongo la Mboto na wa Tegeta wote walikuja na kilio hiki ujenzi wa mwendokasi ulipoanza kwao. Injini ndogo imesimama na AC inawaka inaweza kumaliza karibu lita nzima kwa saa, na kilomita ni sifuri. Lakini Kimara njia yako haijabadilika ghafla, kwa hiyo kwako naanza na breki.

Mwenye IST, Kimara

Nashukuruni. Nimeazima kidude kwa jirani: joto la maji limetulia 84, asilimia ya mafuta inacheza kati ya 2 na 4. Jioni hii nimetoka Ubungo nikasimama nyumbani, gurudumu la nyuma kushoto huwezi kusogeza mkono, la kulia la kawaida kabisa. Jumamosi linafunguliwa. Nibebe waya wa hendibreki mpya moja kwa moja?

Fundi, Temeke

Usinunue kitu bado. Walegeze waya kule kwenye lever, kisha wazungushe tairi kwa mkono likiwa juu ya jeki. Likizunguka kwa wepesi, ni waya. Likiendelea kushika, fungua ngoma uangalie ile silinda ndogo ya breki, mara nyingi pistoni imeganda upande mmoja na imeanza kuvuja. Ikivuja badilisha silinda pamoja na lainingi (zile za kusugua ndani ya ngoma) za pande zote mbili, maana zilizolowa mafuta ya breki hazifai tena hata zikiwa nene.