Pachi yangu ya keneli imerudishwa, naambiwa niigawanye. Nianzie wapi?

fundi_umoja
Habari za jioni wakuu. Nimekaa miezi minne hapa Umoja nikiandika draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya sensa ya gesi kwa keneli, ule moyo wa Linux, juzi nikaituma yote kama pachi moja, yaani komiti moja (badiliko lililohifadhiwa kwa git, programu ya kutunza historia ya kodi), mistari 2,600 hivi, ndani kuna draiva yenyewe, kuna fankisheni (vipande vya kodi vinavyoitwa kwa jina) nimetoa kwa draiva ingine nikaziweka mahali pa wote, halafu kuna bagi (kosa la kodi) ya kitambo nilipata njiani nikairekebisha. Mentena, yule anayesimamia sehemu hiyo ya keneli, amenijibu mistari miwili tu, haisomeki, gawanya. Shida vitu vimeingiliana, kuna faili moja iko na zote tatu. Nikifanya komiti moja kwa kila faili ni sawa?

dada_terminal
Usikate kwa faili, kata kwa kazi. Ukieleza komiti inafanya nini ukajikuta umesema "na pia", hizo ni komiti mbili. Na keneli lazima ikompaili (kodi igeuke programu bila kosa) na iwake baada ya KILA pachi, si ya mwisho tu. Mwaka ujao mtu atatafuta shida yake na git bisect, ile inagawa historia nusu kwa nusu hadi komiti 1,000 zinaisha kwa kupima kama mara 10, sasa akiangukia katikati ya pachi zako na hapo haikompaili amekwama na kosa si lake.

kaka_wa_rongai
Niongezee hapo kwa dada. Draiva mpya ambayo haigusi vitu vya wengine inaweza kuingia kama pachi moja, hiyo si shida. Kinachomchosha mentena wako nafikiri ni hizo fankisheni. Kuhamisha mistari na kuibadilisha visikae pachi moja kabisa, ukihamisha tu anatupa jicho mara moja anaendelea, ukichanganya inabidi asome yote upya.

Fanya hivi. Kwanza git branch zamani, hiyo usiiguse. Kisha git reset HEAD~1, komiti inafunguka lakini kazi yako inabaki kwa faili. Halafu git add -p, itakuuliza kipande kwa kipande. Faili mpya kabisa hazitatokea hapo, hizo uta-add mwenyewe. Anza na bagi na uiwekee mstari wa Fixes: na herufi 12 za kwanza za kitambulisho cha komiti iliyoileta, ndio iweze kuchukuliwa hata kama draiva itakawia. Kisha kuhamisha, kisha maelezo ya devicetree (jinsi kifaa kinavyoelezwa kwa keneli), hayo hukaa pachi yake mbele ya draiva, kisha draiva pamoja na mistari yake ya Makefile na Kconfig, faili zinazoiingiza kwa keneli wakati wa kukompaili. Kila moja iwe na Signed-off-by, mstari wa sahihi yako.

fundi_umoja
Asanteni sana. Lakini kukompaili kila pachi? Leptopu yangu ni karibu saa nzima na huku stima hupotea.

dada_terminal
Hauanzi zero kila mara, make inarudia zilizoguswa tu. Jaribu git rebase -i --exec "make drivers/iio/" zamani~1, inapitia komiti moja moja ikikompaili, ikifeli inasimama hapo hapo. Ukimaliza git diff zamani isitoe kitu, ikitoa umeacha kipande nje.

fundi_umoja
Imesimama pachi ya pili! Nilikuwa naita fankisheni inayoingia ya nne. Nimezipanga upya, zimekuwa 5, diff haina kitu. Kesho asubuhi napitisha checkpatch, skripti ya keneli ya kukagua pachi, halafu natuma v2, toleo la pili.