Miguu kuvimba: tupeane uzoefu, wewe ilikuanzaje?

Mzee wa Soksi: Jana usiku navua soksi nakuta lastiki imechora mfereji, nikabonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, shimo likabaki palepale. Miguu yote miwili. Nimemkumbuka marehemu baba alivyoanza. Waliopitia njooni.

Kiatu Namba 42: Mimi ilikuwa dawa ya presha, amlodipini. Nimejinyima chumvi wee, wapi! Daktari akanibadilishia dawa, viatu vikaanza kuingia tena. Ila usiiache kienyeji, presha haina utani.

mamaK: Hata mimi, hiyohiyo amlodipini.

Msafiri: Wangu ulivimba mmoja tu, wa kushoto. Nilikaa kwenye basi usiku kucha magoti yamebanwa na siti ya mbele, kesho yake kigimbi kimejaa, kina joto, kinauma ukigusa. Nikasema misuli. Wife akanikanda maji ya moto siku mbili, tena kwa nguvu zote. Siku ya tatu napanda ngazi, ngazi zenyewe nane, pumzi ikakata, nikivuta hewa kifua kinachoma kama kisu. Kufika hospitali naambiwa damu iliganda kwenye mshipa wa mguu, kipande kimekatika kimeenda kwenye mapafu. Daktari akauliza nani alikuwa anakukanda, wife akaangalia ukutani. Miezi 6 nimekula dawa za kuzuia damu isigande.

Chumvi Kidogo: Acha kutisha watu bana, mimi nakandwa kila jioni na niko fiti.

Msafiri: Wewe umechoka kusimama, mimi nilikuwa na bonge la damu. Mguu mmoja ukivimba ghafla unauma, USIKANDE.

Chumvi Kidogo: Haya daktari 😂

mamaK: Msafiri, mkeo yeye akasemaje?

Msafiri: Mpaka leo hagusi mguu wangu hata nikimlipa.

Dada wa Pili: Mimba ya miezi 8 kila mtu ananiambia kuvimba kawaida, ni maji tu. Uso nao ukavimba, pete haitoki, kichwa kinapasuka, naona vimulimuli. Kupimwa presha 170 kwa 110, protini kwenye mkojo. Nikazalishwa usiku uleule. Miguu peke yake sawa, ila ukiona hayo mengine kimbia.

Kiatu Namba 42: Mzee wa Soksi lala chali, weka mito miguu ipande juu ya moyo.

Jirani Mwema: Mama yangu tulimlaza hivyohivyo akakosa pumzi, kumbe moyo ndio umechoka. Alikuwa analala amekaa, mito mitatu mgongoni. Kwanza mzee atuambie, ukilala chali unapumua vizuri?

Mzee wa Soksi: Napumua vizuri. Ila mkojo siku hizi una povu kama la sabuni.

Jirani Mwema: Hilo ndo ungeanza nalo! Kapime mkojo na figo.

Mzee wa Soksi: Jumatatu naenda.

Dada wa Pili: Jumatatu ya lini? Leo ndo Jumatatu.